Upande wa Kina Kirefu

...basi usiishike kamba, Graciela alijiambia, kamba imewekwa kugawa njia tu, shika maji, ingawa nayo hayashikiki, ndivyo asemavyo Mwalimu Verna, hayashikiki, mpenzi, yasukume nyuma kama unayefukuza kuku jikoni, na huyo hapo Mwalimu Verna mwenyewe, bibi wa miaka sabini na kitu, magoti yameungua jua, kofia ya majani kichwani, anatembea ukingoni sambamba naye akipaza sauti, "Puliza mapovu, mama! Chini puliza, juu vuta!", naye Graciela akapuliza, akageuza uso, akavuta hewa nusu na maji nusu, akakohoa, akaendelea, kwa sababu leo alikuwa amesema atalivuka bwawa lote, kutoka upande wa watoto hadi ule ukuta wa mbali wenye ngazi, alilisema asubuhi mezani mbele ya wote huku akimenya machungwa, na neno ukishalisema mbele ya mama mkwe hulimezi tena, jua la Julai la San Antonio linampiga mgongoni, mgongo mpana wa mwanamke wa miaka arobaini na moja, mgongo ambao haukuwahi kuota jua tangu usichana wake, na mahali fulani kule kushoto yuko Nayeli, binti yake wa pekee, ametimiza kumi na moja mwezi wa tano, lazima ananitazama, alifikiri Graciela, ndiyo sababu niko humu, anatazama, piga miguu, usiikunje, piga... kiangazi cha mwaka jana walikuwa papa hapa, bwawa hili hili la mtaa, wamekaa wawili kwenye benchi, yeye na suruali yake ya jinzi katika joto la kuyeyusha lami, begi la mataulo amelipakata kufunika tumbo, na pembeni yake Nayeli na jinzi yake, na mkoba wake wa shule naye kaupakata vile vile, kama picha na kivuli chake, "Nenda ukaogelee na wenzako, mwanangu," alimwambia, "Sitaki," "Kwa nini hutaki?", "Mbona wewe huendi?", "Mimi mtu mzima," na mtoto akamgeukia, hana hasira, hana machozi, akasema kwa sauti ile ya mtu anayekuambia kesho mvua, "Siyo kwa sababu ya utu uzima, mama. Ni kwa sababu u mnene. Kama mimi"... geuza uso, vuta hewa, "Vizuri! Kiuno juu!" kiuno juu, rahisi kusema, Mwalimu Verna hana kiuno cha kuinua, mwembamba kama mti wa ufagio, lakini Jumamosi ya kwanza ya mafunzo, mwezi wa pili, kwenye bwawa la ndani, Graciela alipokataa hata kulowesha uso, bibi yule hakucheka, aliingia majini na nguo zake za mazoezi akamshika chini ya mabega, akamwambia, wewe unaelea kuliko mimi, mpenzi, mimi nazama kama jiwe, umepewa mwili wa kuelea na unaukasirikia, na Graciela alikwenda chumba cha kubadilishia nguo akakaa pale kwa muda mrefu, maana katika maisha yake yote hakuna mtu aliyewahi kuusifia mwili wake kwamba unaweza kitu, kuzaa labda, kubeba mifuko ya ununuzi... chini puliza, sakafu ya bwawa bado iko karibu, vigae vya samawati, hapa angeweza kusimama akitaka, hapa si kitu, kule mbele ndiko, pale vigae vinapoinama na kupotelea gizani, usifikirie pale, fikiria daktari, yule Dokta Lindqvist mwenye sauti ya polepole, Graciela alikwenda kliniki amejiandaa kugombezwa, hata hereni alizivua kama mtu anayekwenda kupigana, na daktari akasukuma kiti chake akakaa sambamba nao, akasema, sitaki mtoto apimiwe chakula chake pembeni kama mgonjwa huku ninyi mnakula kingine, nyumba nzima sufuria moja, na msimwambie akatembee, tembeeni, halafu akamgeukia Nayeli akamwuliza, "Ungependa mama yako afanye nini pamoja nawe?" na Nayeli akaangalia viatu vyake, akasema, "Aingie majini"... basi ndiyo haya maji, mwanangu, nimeingia, tazama, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, unaona, wiki ya kwanza ya sufuria moja ilikuwa vita, Doña Ofelia, mama yake Chuy mumewe, anaishi nao tangu kufiwa, alipoonja maharage yasiyo na mafuta ya nguruwe aliweka kijiko mezani kama aliyepewa taarifa ya msiba, "Haya maharage yamekosa nini hata mkayaadhibu hivi?" akasema, "Mtoto ana nuru ya uso, kashiba, mnataka awe kama sindano?", na siku alipoliona vazi la kuogelea limeanikwa kambani, jeusi, pana, alisimama chini ya mti wa mpekani wa uani akaliangalia mbele na nyuma, "Na hili ni la nani?", "Langu, mama," "Utalivaa wapi?", "Mbele za watu," na mama mkwe akajifanyia ishara ya msalaba, kisha usiku huo huo akarudia sahani ya pili ya yale maharage ya adhabu, akisema anakula tu yasiharibike, na Chuy, ah, Chuy wangu, aliyeapa kwamba soda imekwisha katika nyumba hii, mpaka Nayeli alipofungua sanduku la vifaa nyuma ya gari la baba yake kutafuta bisibisi akakuta makopo yamelala kati ya nyundo na koleo, baridi, yametoka jasho, "Baba, kumbe siku hizi unakaza boliti kwa soda?", na mwanamume mzima akasimama pale barabarani na mikono yake mikubwa ya fundi mabomba, akacheka mpaka akapiga magoti, na tangu siku hiyo kila jioni baba na mtoto huzunguka mtaa na mbwa wao mzee, huyo mbwa ndiye aliyepungua kuliko wote... "Unakaribia, mama! Sasa kina!" amesema nini, kina, amesema kina, vigae vimeondoka, kweli vimeondoka, chini yake ni buluu tu inayozidi kuwa nyeusi, na moyo ukampiga hadi masikioni, akainua kichwa kupita kipimo amtafute mwanawe, amwone anavyotazama, ni hilo tu alilohitaji, uso mmoja, na akamwona, yuko mbali kule kwenye bomba la kutelezea, ameloa chapachapa, na wasichana wawili, anawaonyesha kitu kwa mikono, wote watatu wanacheka hadi wameinama, na mgongo wa Nayeli umegeukia huku, hatazami, hatazami kabisa... na miguu ikashuka, ikashuka kama ndoo kisimani, maji yakamjaa mdomoni, yana ladha ya dawa na mafuta ya jua ya watu, akakohoa, akapapasa, kamba i hapo, nyekundu na nyeupe, kiasi cha mkono, "Kamba i hapo ukiitaka!" anasema Mwalimu Verna, na sauti imekuwa ya upole ghafla, jambo baya zaidi, ukiitaka, kwa nini nisiitake, aliwaza Graciela, onyesho la nini kama mwenye onyesho katoka ukumbini, yote haya, karoti na kuamka alfajiri na mapaja yangu mbele ya San Antonio nzima, ili yeye ageuze mgongo, shika kamba, jivute polepole hadi ukingoni, hakuna atakayejua, utarudi kwenye benchi, mtu lazima alinde mataulo... mtu lazima alinde chakula, hayo yalikuwa maneno ya mama yake, kila kiangazi wakienda mto Guadalupe, wajomba na shangazi na watoto wote wamo majini na maboya ya mipira, na mama yake, Mungu amrehemu, amekaa juu ya sanduku la barafu kutwa nzima na gauni lake na soksi zake ndefu, jasho linamtiririka, mto unapita karibu kiasi cha kumlowesha viatu, "Njoo, mama!", "Na chakula akilinde nani?", na katika miaka yote ile hakuna aliyekuja kuiba hata tamale moja, hata kiandazi kimoja cha mahindi, hakuna, hata mbwa, mama alikuwa akilinda nini, alitaka kuingia, sasa ninajua alitaka, nilimwona mara moja amevua soksi moja akatumbukiza vidole, akafumba macho, uso wake ukawa wa msichana, kisha akasikia watu wanakuja akaivaa haraka... na Graciela, mdomo umejaa maji, kamba kiasi cha mkono, alihisi kitu kinampanda kifuani akadhani ni kilio na kumbe ni hasira, hasira safi, njema, ya kumsukuma mtu, akaupeleka uso chini mwenyewe, bila kuambiwa, akafumbua macho ndani ya lile giza la samawati na halikuwa giza, lilikuwa mwanga umevunjika vipande vipande unacheza, na kivuli chake mwenyewe kule chini sakafuni, kikubwa, kimetanda mikono, kinapaa, Mungu wangu, kinapaa, ni mimi huyo, na miguu ikapanda yenyewe na kiuno kikaja juu kama kilichoitwa, mkono wa kulia, mkono wa kushoto, na hakufikiria tena nani yuko kwenye bomba na nani yuko kwenye benchi, alihisi maji yanavyopita ubavuni kama shuka jipya, alihisi nguvu kwenye mabega yake, mabega haya haya yanayobeba magunia ya unga kule kwenye duka la mikate anakopamba keki za harusi za watu, yalikuwa yanajua kazi hii siku zote, hakuna aliyeyauliza, na mtoto anacheka kule na wenzake, ameloa, anacheka, wakati mwaka jana alikuwa na mkoba mapajani, nawe ulitaka akutazame, mwanamke wewe, akutazame akiwa mkavu, afadhali akusahau, asahau kabisa kwamba kuna mtu wa kulindwa hapa, mkono wa kulia, vuta, na hewa ikaingia yote, tamu, bila tone la maji, mkono wa kushoto, na vidole vyake vikagonga kitu kigumu, kikavu kwa juu, vikagonga kwa nguvu hata ukucha ukauma, ukuta... ukuta na ngazi zake, akashikilia, akanyanyua miwani ya maji, na Mwalimu Verna amevua kofia yake anaipepea kama mtu aliye kituo cha treni, "Umelivuka bwawa lote, mpenzi! Pumzika sasa! Pumzika!", na Graciela akacheka, akacheka kwa sauti aliyokuwa hajaisikia tangu kabla ya harusi, hata watu kwenye mikeka wakageuka, wakaona mwanamke mnene mwenye kofia ya mpira ya kijani anacheka peke yake ukutani, na waone, na kutoka ng'ambo ikaja sauti, nyembamba, ya lawama, "Mama! Umefika? Sikukuona! Mama, ngoja, nakuja, tushindane!", na vishindo vya miguu iliyolowa vikikimbia ukingoni na Mwalimu Verna akifoka, "Hakuna kukimbia, Nayeli!", kisha mrusho mkubwa wa maji katika njia ya pili, lakini Graciela alikwisha kuvuta pumzi, alikwisha kukunja magoti na kukanyaga ukuta, na sauti ya mtoto ilimfikia vipande vipande kupitia maji, ma... ngoja... mama... nami, naye hakungoja, kwa mara ya kwanza maishani mwake hakumngoja, ana mikono mirefu yule, atanifikia, akasukuma ukuta kwa miguu yote miwili na kina kirefu kikafunguka mbele yake.