Unga wa Jani la Chini

Kwa kusuka, yule msusi hakuwa na mpinzani mtaa mzima. Kwa maua, Mungu amsamehe, hata mchicha ungemfia mkononi. Lakini dirishani, nyuma ya kiti cha wateja, kulikuwa na chungu kimoja ambacho ole wako ukikigusa. Mteja mmoja alining'iniza mkoba wake karibu nacho, akafokewa huku kichwa kikiwa nusu kimesukwa.

Ulikuwa mmea wa majani manene yaliyojipanga mviringo, yamejaa unga mweupe kama wa muhogo. Unga huo ni wa mmea wenyewe, kinga yake ya jua. Ukiugusa unatoka, na kwenye jani lililokomaa haurudi tena. Ndiyo maana kwenye jani la chini kabisa alama za vidole vitatu vya Chiriku zilikuwa bado zipo.

Chiriku alikuwa mwanawe, mtoto mwenye maneno kuliko redio. Alilishika jani lile akiuliza kama ua nalo hupakwa poda likishaogeshwa. Mama yake akamchapa kikofi kwa kuharibu pambo la watu. Mvua zilipokuja, homa ikamchukua. Picha zake zilikuwepo, lakini picha Chiriku hakuzigusa. Jani aliligusa.

Majani yalipoanza kulegea na kudondoka, msusi alijidanganya kwamba ni kiu, akazidisha maji. Alipoona sisimizi wamepanga foleni mpaka chunguni, alishikwa na hofu, akamwita wifi yake, dada wa mumewe, anayeuza miche kando ya barabara.

"Haya, mgonjwa yuko wapi?" wifi aliingia na kicheko chake. "Isije ikawa umemsuka na huyu, ukamkaza mno!"

Akainama, akachokoa kwa njiti ya kiberiti, na kicheko kikaisha.

"Hivi kama pamba, penye maungio, ni wadudu. Wananyonya, wanaacha utomvu mtamu, ndio sisimizi wanaufuata. Huu weusi ni ukungu, umeota kwenye huo utamu. Hayo yote ni ya kufuta kwa spiriti tu. Lakini bonyeza hapa." Kidole kikazama kwenye shina. "Limeoza toka chini. Umelizamisha kwa maji, wifi yangu. Tukate kichwa penye uzima tukipande upya, majani ya chini tuyatoe yote."

"Yatoe. Hili liache."

"Nilining'inize hewani? Shina lake ndilo lililooza!"

"Nimesema liache!"

"Sasa umeniitia nini? Nimeacha miche yangu juani kwa ajili yako!"

 Msusi akalionyesha jani kwa kidole tu. Wifi akasogea penye mwanga, akaziona zile alama tatu. Yeye ndiye shangazi mtu, kucha za vidole vile alikuwa akizikata mwenyewe. Akajibwaga kwenye kiti cha wateja, akalia bila kujificha.

"Mbona hukuniambia?"

"Ungetaka kuliona. Ukiliona, ungeligusa."

Wifi akajifuta machozi. "Tulitoe zima. Jani likitoka vizuri hukaa muda, pengine hata kuchipua. Mimi nashika shina, wewe lichezeshe polepole mpaka liachie. Shika hapo ambapo unga umeshatoka, usije ukaharibu kwingine."

 Msusi hakutaka hata chembe moja zaidi ipotee. Akaweka vidole vyake pale pale, juu ya vile vya mwanawe, kidole kwa kidole, akahisi kama wameshikana mikono. Hakumwomba radhi kwa kile kikofi, ila moyoni alitamani. Akalichezesha jani kushoto, kulia. Likaachia bila kuchanika.

"Umeweza!" wifi alisema.

Msusi akalilaza jani kiganjani. Mkono wa mtu mzima ni mpana, tena wa msusi, umeshiba mafuta ya nywele. Zile alama tatu hazikuwepo. Palikuwa na doa moja la kijani, pana, linalong'aa. Akaligeuza jani, akaligeuza tena, akalipeleka dirishani kwenye jua.

"Wifi," aliuliza, "vya Chiriku viko wapi?"

Wifi alilitazama jani, kisha akavitazama vidole vya msusi na unga mweupe ulioganda juu yake.