Pua Imeshiba

Ndege ilikaa kitako. Mkia uligonga ubao wa meza, pua ikaelekea darini, na gurudumu la mbele likabaki linaning'inia hewani. Mizani aliinyanyua, akaikagua tumboni, akaiweka tena taratibu, safari hii akiwa ameizuia pumzi yake. Alipoiachia tu, ikakaa kitako tena.

Mizani halikuwa jina lake. Jina lake la haki lilikuwa kwenye kitambulisho na kwenye cheti cha ndoa, na hakuna aliyelitumia. Hili la Mizani alibandikwa na wapakizi wa uwanja wa ndege, katika ile miaka thelathini na mmoja aliyokaa kwenye kibanda cha kioo akiamua sanduku gani likae wapi na mfuko gani wa barua uende mbele au nyuma. Ndege iliyopangwa ovyo ni hatari angani na kichekesho ardhini. Ukianza kupakua tumbo la mbele kabla ya la nyuma, inaweza kukaa kitako mbele ya abiria wote, nawe ukatafutiwa jina jingine. Katika zamu zake haikukaa kitako hata moja. Alijivunia jambo hilo, tena bila haya, na mkewe alikuwa amelisikia mara nyingi kuliko alivyosikia jina lake mwenyewe.

Alipostaafu alianza kuzijenga upya zile ndege za ujana wake, moja baada ya nyingine, kwa plastiki, katika chumba kilichokuwa cha binti yao kabla hajaolewa. Alizijenga za panga nne zinazozunguka mbawani, alizijenga zenye mikia mitatu, alizijenga zile za kwanza za jeti ambazo zilipopita watu walitoka nje wakiziba masikio. Rafu ilijaa ukuta mzima. Hii iliyokaa kitako mezani ilikuwa na injini tatu, zote nyuma, nyeupe mgongoni, na mstari wa buluu uliopita kwenye madirisha bila kupinda hata unywele mmoja. Alikuwa amehangaika nayo miezi miwili.

Kiwiliwili cha ndege ya namna hii huja vipande viwili, mfano wa ganda la karanga, na ndani hamna kitu. Kwa kuwa uzito wake uko nyuma, fundi hutia kitu kizito puani kabla ya kuunganisha vipande hivyo. Mizani alitumia chubwi, vile vidonge vya risasi ambavyo wavuvi hufunga kwenye mshipi ili ndoana izame. Ukishaunganisha, ukapiga msasa kwenye maungio na kupaka rangi tabaka tatu, hakuna tena mlango wa kuingilia. Ulichosahau kimebaki nje moja kwa moja.

Ndiyo maana kulikuwa na desturi humo nyumbani. Siku ya kufunga kiwiliwili, Mizani alipaza sauti kutoka chumbani, "Pua imeshiba!" Naye mkewe, awe jikoni au uani, alijibu, "Basi iruke!" Ilianza kama mzaha, na mzaha ukazeeka nao. Desturi ya pili ilikuwa ya kuitua. Mizani alizijenga ndege zikiwa zimelala chali juu ya kipande cha sponji, magurudumu yakibandikwa mwisho kabisa, na rangi ikishakauka yeye hakuzigusa tena. Mkewe ndiye aliyezibeba asubuhi na kuzisimamisha rafuni. "Wewe jenga, mimi natua," alizoea kusema, na ilikuwa kweli kwamba mikono yake ilikuwa mitulivu kuliko ya mumewe.

Lakini mkewe alikuwa hayupo. Siku tatu sasa alikuwa kwa dada yake aliyevunjika nyonga, na angerudi mchana huo. Mizani alitaka akute ndege imekwisha kutua, ashangae kidogo.

Mvua ilikuwa ikinyesha tangu alfajiri, ile mvua isiyo na haraka. Alilifungua kopo la chubwi, akalifunga. Alijaribu kuirudia siku aliyounganisha kiwiliwili. Harufu ya gundi aliikumbuka. Mpira aliouzungushia ndege ili vipande visiachane aliukumbuka, hata rangi yake, nyekundu. Pua hakuikumbuka. Alitafuta kila pembe ya siku ile, na mahali palipopaswa kuwa na pua palikuwa pamefutika. Hapo ndipo hofu ilipomshika.

Aliijua hofu hiyo ina sura ya nani. Kaka yake mkubwa alikuwa fundi cherehani, mtu wa vipimo kama yeye, na siku moja alishona shati akatia mikono yote miwili upande mmoja. Watu wa nyumbani walinyamaza. Mke wa kaka alilifumua usiku na kulishona upya. Walinyamazia na la pili, na suruali isiyo na mahali pa kupitishia mguu. Mizani ndiye aliyekataa kunyamaza. Alimwambia mezani, wanawe wakisikia, "Kaka, akili zinakutoka. Kubali tu." Aliamini anamtendea haki. Kaka yake aliweka kijiko chini, akashukuru kwa chakula, na tangu siku hiyo hakuketi tena kwenye cherehani. Alikaa miaka miwili akitazama ukuta, kisha akazikwa.

Waliporudi kutoka makaburini, Mizani alimwapisha mkewe. Na mimi nikianza, niambie papo hapo. Usinifiche hata siku moja. Mkewe aliitikia.

Sasa aliitazama ndege, akajua kwamba yeye mwenyewe anataka kuificha. Angeiegemeza rafuni katikati ya nyingine, mkia ukiwa umebanwa, na nani angejua? Alikwenda rafuni kusogeza ile ya panga nne ili apate nafasi. Aliishika kiunoni akaivuta. Haikuja. Alivuta tena, rafu nzima ikatikisika.

Aliinama, akavaa miwani. Chini ya gurudumu la mbele kulikuwa na tone la gundi, limekauka, limefutwa vizuri pembeni lisionekane. Alijaribu ndege iliyofuata, nayo ilikuwa imegandishwa. Iliyofuata hiyo vilevile. Ya nne ilinyanyuka bila shida, na mkono wake ulihisi mara moja ule uzito mzuri wa puani, ulioinamisha ndege mbele kama mtu anayesalimia.

Ndege tatu. Mwaka mzima na zaidi. Mizani alivuta kiti akakaa.

Mkewe alipofika alitikisa mwavuli mlangoni, akavua viatu, akaita, "Mzee, umekula?" Alikuja mpaka kwenye mlango wa chumba, akamwona mumewe, akaiona ndege mezani na pua yake darini. Aliweka mkoba chini polepole.

"Umeitua mwenyewe," alisema.

"Nilitaka ukute tayari."

"Ungenisubiri."

"Ili uigandishe?"

Mvua ilisikika kwenye mabati ya jirani.

"Hii ingekuwa ya nne," Mizani alisema. "Ulijuaje?"

"Sikusikia." Alikuja akakaa kwenye ukingo wa kitanda cha zamani cha binti yao. "Ile ya panga nne. Nilikuwa nakata vitunguu, nikawa nangoja uniite. Hukuita. Nikasema labda umechoka, labda umeudhika nami. Asubuhi naibeba rafuni, ikanikalia kitako."

"Uliniapia, bibie."

"Niliapa."

"Nilikwambia papo hapo. Nilikwambia usinifiche!"

"Ulisema." Sauti yake haikupanda. "Na mimi nilikuwepo, mzee wangu. Nilikuwa nimekaa mkabala na shemeji siku alipoambiwa papo hapo. Nilimwona alivyokiweka kile kijiko."

Miaka yote hiyo Mizani alikuwa amejihesabia lile neno kuwa la ujasiri, la ndugu kwa ndugu, na hakuna aliyewahi kumwambia vinginevyo. Mke wa kaka yake hakumsalimu tena baada ya mazishi, naye alidhani ni uchungu tu wa ujane. Aliona aibu, aibu nzito ya mtu mzima ambayo haina pa kwenda.

"Alikuwa anashona," mkewe alisema. "Vibaya, lakini alikuwa anashona."

Mizani alivua miwani, akaifuta kwa shati.

"Na ile gundi ni ya viatu."

"Ndiyo iliyokuwepo."

"Ile inakula rangi."

"Sikugusa rangi. Niligusa tairi tu, kwa kijiti." Alimtazama. "Unafikiri miaka yote hii sijajifunza kitu?"

Mizani alitaka kucheka, na kicheko kikamtoka kidogo, kikiwa kimelowa. Alichukua kijiti cha kuchokolea meno, akakikata kwa wembe, akakipima chini ya mkia, akakikata tena. Uwanjani zile za injini nyuma waliziwekea nguzo mkiani kabla hawajagusa mzigo, alisema, kana kwamba mtu alikuwa amembishia. Mkewe aliishikilia ndege pua chini Mizani akakichomeka kijiti. Ndege ikasimama. Mkewe akaibeba na kuitua rafuni, na safari hii kijiti kilionekana, mtu yeyote angekiona.

Baada ya siku chache Mizani alifungua kisanduku kingine cha vipande vya plastiki. Ilikuwa ndege ndogo, ya safari fupi, ya mwisho aliyoipangia mzigo kabla hajastaafu. Alifanya kazi asubuhi nzima, na mvua ilikuwa bado haijachoka. Alipaka gundi, akaunganisha vipande viwili, akazungushia mpira mwekundu, akawa ameishika mkononi akingoja ishike.

"Mzee!" sauti ilimjia kutoka jikoni, ikishindana na maji ya bomba. "Pua imeshiba?"

Jibu lilikuwa tayari ulimini. Alilitamka kwa miaka mingi, na lilikuwa jepesi. Kisha akaona chubwi moja kwenye meza, karibu na kifuniko cha gundi. Aliitazama. Huenda ni iliyozidi. Huenda ndiyo ile iliyotakiwa kuingia. Aliirudia asubuhi yote tangu alipokata plastiki, akafika mahali pa pua, akakuta pamefutika.

Gundi ilikuwa bado mbichi. Kwa dakika mbili tatu, vipande vingeweza bado kuachana.

"Mzee?"

"Sijui," alisema. Kisha akapaza sauti, kwa sababu alikuwa amelisema kwa sauti ndogo mno. "Sijui, bibie. Njoo tuangalie."

Maji ya bomba yakafungwa. Alisikia kandambili zikija ukumbini, bila haraka, naye akaanza kuutoa mpira.