Pa Kugeuzia Lori

Tulipofika kwenye shamba la juu, mume wangu hakutazama udongo wala kuuliza habari za maji. Alipiga hatua ndefu kutoka kichaka hadi kichaka, akasimama katikati, akazungusha mikono hewani kana kwamba ameshika usukani.

"Hapa panafaa," akasema.

Mimi kichwa kilikuwa kinaniwaka moto. Nyumba ya mjini tulikuwa tumeshaiuza, na mwenye mashamba haya mawili alitaka tumwambie siku hiyohiyo tunanunua lipi. Shamba la juu lilipata jua kutwa, umeme wa sola usingetusumbua, lakini maji yalikuwa ya kukinga wakati wa mvua. La bondeni lilikuwa na kijito na udongo mweusi wa kushika vidoleni, ila jua lililifikia kwa kuchelewa, na njia yake ilikuwa ya kupita mtu na mbuzi wake. Nikifikiria maji, moyo unateremka bondeni; nikifikiria jua, unapanda tena. Nilikuwa njia panda hasa.

"Mama watoto, usijisumbue," akasema mume wangu. "La chini halina pa kugeuzia."

"Kugeuzia nini?"

"Lori."

"Lori gani, baba? Si umestaafu?"

Akacheka, akajikuna kidevu. "Mazoea tu."

Mazoea! Maisha yote alikuwa dereva wa masafa marefu. Nyumbani alikuja kulala na kufuliwa, na watoto, kabla hawajakua na kuhama, walimpokea kama mgeni aliyeleta biskuti. Aliponiambia tukaishi mbali, tujilimie, tujichotee maji, nilifurahi mpaka nikaona haya. Sasa nilimwona anapima kwa macho pa kutokea, nikachanganyikiwa upya. Sikujua tena kama nachagua shamba au nachagua mume.

Mwenye mashamba akakohoa. "Haya mama, mmeafikiana?"

"La bondeni," nikasema, kabla sijajua nitasema nini.

Mume wangu akashtuka. "Na siku tukitaka kutoka?"

"Tutatembea."

Aliitazama ile njia nyembamba, kisha akanitazama mimi. Nilidhani atabisha. Akauliza kwa sauti ndogo, sauti ambayo nilikuwa sijawahi kuisikia kwake:

"Yaani mimi na wewe tu? Kila siku?"

"Kila siku," nikamjibu.

Neno lilikuwa limeshanitoka nilipoona kwamba hata mimi naogopa.