Kitochi cha Kidawa

Siku kisiwa chetu cha Jibondo kilipochagua mnara upi wa simu ubaki, mimi Sleyum nilipungukiwa na haya: cheti cha sekondari, kwa kuwa elimu yangu ni ya madarasa ya usiku; meno mawili ya mbele; mke wa kunikanya, Mungu amrehemu; na simu ya kitochi. Kukosa hicho cha mwisho ndiko kulikoniponza.

Kiwanja kilikuwa kimoja, kampuni mbili. Ya zamani ilikuwa na mtandao wa 2G, mpya ilileta 4G peke yake. Watu wakasema, "Mwalimu apime, atuambie." Sijapata kufundisha darasa lolote, lakini jina hilo silikatai. Nikasimama kando ya birika la msikiti na simu kubwa aliyoninunulia mwanangu. Kwa mtandao wa zamani, video ya mawaidha ilizunguka tu. Kwa mpya, ilifunguka kabla sijavaa miwani.

Mkutanoni nikaueleza mtandao mpya mpaka jasho likanitoka. Kidawa, mke wa fundi mashua, mwenye mimba yake ya kwanza, akauliza, "Na kitochi changu, babu, kitashika?"

Sikujua. Nikasema, "Kitashika hata cha marehemu bibi yako!"

Watu wakacheka, wakanyoosha mikono. Mnara wa zamani ukazimwa, ukangoja kung'olewa Jumamosi.

Siku ya tatu Kidawa alibisha hodi. "Shikamoo, babu. Nimeweka laini mpya, simu imekufa. Uchungu ukinishika, mashua ya kunipeleka hospitali Kilindoni nitaiitaje?"

"Marahaba. Umeiangusha majini."

"Wallahi sijaiangusha."

"Basi mtoto wako kaichezea."

"Mtoto bado yumo tumboni, babu."

Hakucheka. Aliondoka na simu yake kifuani kama mwenye kosa, nami nikamwacha aende hivyo.

Alasiri barazani, Shaibu, nahodha wa mashua ya Kilindoni, alinipangia vitochi saba juu ya mkeka. Vyote vimeandika maneno yale yale: hakuna mtandao.

"Mwalimu, hivi navyo vimezama? Mbona havinuki shombo?"

Nilikwenda ndani, nikasoma nusu saa. Vitochi vyetu ni vya mtandao wa zamani tu. Huo wa 4G haviupati kabisa. Nusu saa ile ningeweza kuisoma kabla ya mkutano. Nilipima kwa simu yangu, nikadhani nimepima kwa za kijiji kizima.

Nikaandika barua kwa ofisi ya wilaya kule Kilindoni, mnara wa zamani using'olewe. Nikasema wananchi wana simu zilizopitwa na wakati. Nilipoirudia kuisoma, uso ulinichoma. Nikaichana, nikaandika nyingine: "Kidawa aliniuliza, sikujua, nikajibu kama ajuaye. Simu zao ni nzima. Kosa ni langu."

Nikampelekea aisikie. Akasema, "Ongeza kwamba nina miezi minane."

Nikaongeza. Nikamwachia na simu yangu kubwa, nikamwonyesha pa kumpigia Shaibu, ambaye naye ana simu kubwa.

Gundi sikuwa nayo. Nilifunga bahasha kwa punje za wali wa jana, nikaibana chini ya kinu mpaka ikashika. Alfajiri nikaiteremsha pwani mwenyewe.

"Mna nini humu, Mwalimu?" Shaibu aliuliza.

"Jibu la vitochi saba. Na niite Sleyum."

Akaitia katika mfuko wa nailoni, akaufunga mafundo mawili, akasukuma mashua.