Lornah Aifuata Mashua kwa Miguu

Kama Walter angekuwa na subira kidogo, labda leo angekuwa na mashua. Lakini Walter hajawahi kungoja kitu maishani mwake.

Kaka yake, Amolo, alifariki kwa malaria mwaka wa tisini na sita huko Port Victoria alikokuwa akivua, na mashua yake ikabaki kwa mvuvi mwenzake, Wabwire. Matanga hayajapoa vizuri, Walter akamwendea mjane, Lornah, akamwarifu kwamba atamrithi kama desturi inavyotaka, na mashua itamfuata mrithi. Lornah alikuwa akichambua omena, wale dagaa wa ziwani. Hakuinua macho.

"Yuora," alimwambia shemeji yake, "mimi sirithiwi. Na mashua naenda kuchukua."

Kusema ni rahisi. Mwanamke hapandi mashua ya uvuvi. Akiipanda, samaki wanaikimbia, na hakuna mvuvi atakayeigusa tena. Basi alipofika Port Victoria walipatana hivi: Wabwire aipeleke nyumbani Luanda Kotieno kwa maji, Lornah aifuate kwa miguu, ufuo baada ya ufuo. Kila jioni angekuwepo inapotua, watu waone kwamba mashua ina mwenyewe.

Akatembea. Alipita katikati ya nyavu zilizoanikwa omena, akazunguka vinamasi, akavuka vijito na viatu mkononi. Mahali pengine gugumaji lilikuwa limefunga ufuo wote, mashua ikalazimika kwenda mbali, naye akawa anaona tanga tu, dogo kama leso. Hapo akakaza mwendo.

Kumbe Walter alikuwa ametuma maneno mbele kupitia wavuvi: mjane ambaye hajarithiwa asiingie boma la mtu, ataleta mkosi. Watu waliogopa. Huko Usenge mama mmoja aitwaye Nelima alimletea ugali na samaki hadi nje ya ua.

"Usinichukie, mama. Mume wangu amekataa uingie."

"Sikuchukii. Chakula kitamu," Lornah akajibu, akala akiwa amesimama.

Alilala kwenye baraza ya kanisa. Alilia huko, nisikufiche, alilia sana, na machozi yenyewe yalikuwa ya hasira. Asubuhi alinawa uso ziwani akaendelea.

Alipofika Luanda Kotieno jua likiwa kali, miguu imevimba, alikuta mashua ndiyo inatua. Walter alikuwa ndani ya maji na vijana wake wanne, wameshika kamba.

"Kazi yako imeisha, Wabwire," Walter alikuwa akisema. "Rudi kwenu."

"Mimi najua mwenye hii mashua ni Mama Lornah."

"Tangu lini mwanamke akawa na mashua?"

Watu wa ufuoni wakacheka. Lornah alikuwa amepanga kuwaendea wazee, aongee kwa adabu, aombe. Alivyoiona ile mikono kwenye mashua ya mumewe, adabu ilimwisha. Alitua mzigo wake, akakunja rinda, akaingia majini hadi kiunoni, akapanda. Akaketi katikati kabisa, pale samaki wanapowekwa.

Kicheko kikakatika. Vijana wa Walter waliachia kamba kama imewachoma.

"Shuka," Walter akasema.

"Nimeshakaa."

"Umeharibu mashua ya ndugu yangu! Nani atavua na hiyo kitu sasa?"

"Hakuna mtu. Si ndiyo?" Lornah akawageukia vijana. Mmoja wao alikuwa ameshafika nchi kavu, anajifuta mikono kwa suruali. "Sasa chukua, yuora. Vuta kamba, uende nayo nyumbani."

Walter aliitazama kamba ikielea mbele yake. Hakuigusa.

Wabwire aliinama, akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa Mama, mashua isiyovua tutaifanyia nini?"

Lornah akawatazama wanawake wa soko waliokuwa na vikapu vyao wakingoja feri ya kwenda ng'ambo ya ziwa.

"Nani anaenda Mbita?" akaita.

Walitazamana. Kisha mama mmoja mwenye kuku wawili, mjane pia, akajitwika kikapu chake, akaingia majini. Wengine wakamfuata. Walter alikuwa bado amesimama palepale, ikabidi asogee ili wapite.