Bakteria wa Bathsheba Washika Sabato

Jared Okari wa Migori alitaka kitu kimoja tu duniani: kuwa mzee wa kanisa. Alikuwa shemasi mpaka kiti cha nyuma kikamzoea, na sasa, mwaka wa 1994, jina lake lilikuwa limependekezwa. Kilichobaki ni wazee wawili, Mayaka na Monari, kuja Jumapili kuona kama nyumba yake ina utaratibu.

Utaratibu ungekuwepo, lakini mke wake Bathsheba, mwalimu wa kemia, alikuwa na pipa. Ndani yake waliishi bakteria aliowatoa kwenye mavi ya kuku. Bomba liliwaletea moshi wa tanuri la makaa, naye akawapa supu ya omena, vile visamaki vidogo vya ziwani, asubuhi na jioni. Wao wakala moshi, wakatoa siki. Ndiyo, moshi huohuo unaokutoa machozi. Na siki yenyewe akina mama wa sokoni waliigombania.

Alhamisi Bathsheba akaenda semina Homa Bay, akamwachia mumewe pipa. Ijumaa, jua likizama na Sabato ikiingia, Jared akiwa na sufuria ya supu mkononi, akakumbuka amri: usifanye kazi, wewe, wala mtumishi wako, wala mnyama wako. Bakteria si mifugo? Wanalishwa, wanazaana. Kumbe miezi yote hiyo boma lake lilikuwa likivunja Sabato, tena kwa mamilioni. Akairudisha supu jikoni. Moshi aliuacha upite, maana hata ng'ombe siku ya Sabato anapumua.

"Pumzikeni," akawaambia, na akasikia raha moyoni.

Jumapili wazee wakaja. Jared akaandaa ugali, samaki na kachumbari, akaimwagia siki ya pipani bila uchoyo. Mayaka, mtu mkali ambaye hata soda huitilia shaka, akaonja. Akaomba kachumbari zaidi. Kisha akaachana na kachumbari, akaomba siki peke yake, kwa kikombe. Monari naye akaanza kuimba wimbo wa mazishi kwa mwendo wa harusi.

Bathsheba akaingia, mkoba begani, akanusa bakuli.

"Baba Kerubo," akamuuliza mumewe, "supu uliwapa?"

"Niliwafungisha. Ilikuwa Sabato."

"Ukiwanyima supu ukawaachia moshi tu, wanaacha siki, wanatengeneza pombe. Umewanywesha wazee pombe."

Jared akakaa chini sakafuni. Uzee wa kanisa ndio huo umekwenda. Alitaka kulia, na akalia, mbele ya wageni, bila haya.

Mayaka akamtazama kwa huruma iliyotoka kikombeni. Akawaza. Ukimshtaki mtu kanisani, lazima ueleze ulijuaje.

"Ndugu Jared," akasema polepole, akichunga kila neno lisianguke, "tumekuta nyumba yenye utaratibu. Uzee umeupata." Akasimama, akamshika Monari, au labda Monari ndiye aliyemshika yeye. Mlangoni akageuka.

"Na ile mifugo," akasema, "isikose kushika Sabato. Jumapili ijayo tutakuja kuhakikisha."