Jaruba la Kando ya Njia

Mama mkwe alikuwa na imani moja kuhusu mbolea ya urea: mfuko ukishafunguliwa, unamwagwa wote siku hiyo hiyo. Kila msimu aliumwaga wiki moja baada ya kupandikiza, mpunga ukawa wa kijani hadi wapita njia wakasimama, kisha ukarefuka kupita kiasi na kulala chini kabla ya mavuno. Aliyeuokota topeni kwa mundu ni mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee, nusu ya punje zikiwa zimeshaota. Mwaka jana chakula kiliwaishia miezi miwili kabla ya wakati. Mkwe aliogopa mwaka mwingine wa namna ile, na aliogopa kulisema, maana shamba lilikuwa la mama.

Akamleta bwana shamba aseme yeye.

Bwana shamba, mtu wa kofia kubwa na maneno machache, hakubishana na mtu. Alipima majaruba matatu, vipande vya mpunga vyenye matuta pembeni, yanayolingana. La kwanza lingepewa urea yote kwa mkupuo, kama alivyopenda mama. La pili lingepewa kiasi kile kile kwa mafungu matatu. La tatu, la kando ya njia, lisingepewa kitu, ili tofauti ionekane. Njia itakayoshinda ndiyo ingefuatwa shamba zima. Mama mkwe alikubali, kwa kuwa hakuwaza kwamba angeweza kushindwa.

Baada ya mwezi jaruba la tatu likawa la manjano.

"Watu wananisalimia huku wanaliangalia lile," mama mkwe alilalamika.

"Ni la majaribio, mama."

"Na wao wanajua?"

Wiki chache baadaye jaruba lile likaanza kurudisha rangi. Bwana shamba alikuja, akalitazama, akavua kofia, akaivaa tena, akaandika kwamba udongo wa pale una rutuba.

Siku ya mavuno jaruba la kwanza lilikuwa limelala kama kawaida yake. Wakapima. La kwanza, kilo kumi na tisa. La pili, thelathini na moja. La tatu, thelathini na tatu.

"Sasa mbolea ya nini?" aliuliza mume wa mkwe, aliyeshika mizani. "Mwakani tusinunue kabisa."

Bwana shamba alisoma daftari lake kana kwamba limeandikwa na mtu mwingine. Mkwe aliona shamba zima la manjano, na ghala tupu.

Mama mkwe akakohoa.

"Lile nililitilia."

"Ulilitilia nini?"

"Urea. Lingekaaje na njaa mbele za watu, na mwenyewe nipo?"

"Mara ngapi, mama?" aliuliza bwana shamba, kalamu mkononi.

"Mara nne. Kikombe kikombe. Ningemwaga nyingi mngejua."

Mume aligundua kwamba mizani inahitaji kufutwa.

Mama mkwe aliutazama mpunga uliolala, kisha magunia.

"Msimu ujao shamba lote liende hivyo, kidogo kidogo." Akamgeukia mkwe wake. "Na wakiuliza ni njia ya nani?"

Mkwe aliukumbuka mgongo wake na lile tope.

"Yako, mama."

"Haya. Jitwike hilo gunia la jaruba la tatu utangulie. Upite njia kubwa, wakuone."